Kilomita 3,000 kwa Siku Tisa? Maswali Yenu Kuhusu Ziara ya Ujerumani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinahusu ziara ya kuongozwa ya siku kadhaa kwenye miji mikongwe, ngome na vijiji vya Ujerumani. Zilizofanana tumeziunganisha.

Kwaya yetu ya usharika ina watu 24, na tumeweka akiba kwenye kikoba kwa miaka mitatu. Wakala ametuletea ratiba ya siku tisa: tunashukia Amsterdam, tunakwenda Wittenberg, ngome ya Wartburg, kasri la Neuschwanstein, Vienna, Prague, halafu Amsterdam tena kupanda ndege. Bei tunaimudu. Wenzangu wanashangilia, mimi roho inasita. Inawezekana kweli?
*Katibu wa kwaya, Marangu*

Katibu, roho yako inasita kwa haki. Weka bei pembeni kwanza, shika kalamu. Amsterdam hadi Wittenberg ni kilomita 640 hivi. Wittenberg hadi Eisenach, ilipo Wartburg, 240. Eisenach hadi Neuschwanstein 420. Kutoka hapo hadi Vienna 530, Vienna hadi Prague 330, na Prague kurudi Amsterdam karibu 880. Jumla inapita kilomita 3,000. Toa siku ya kufika na siku ya kuondoka, zinabaki saba. Ni zaidi ya kilomita 430 kwa siku, karibu sawa na kutoka Moshi hadi Chalinze kila siku kwa wiki nzima, na bado hamjashuka kuona chochote.

Basi la watalii Ujerumani haliruhusiwi kuzidi kilomita 100 kwa saa hata kwenye zile barabara kuu zinazosifiwa kwa mwendo. Ukiingiza foleni, matengenezo ya barabara na vituo vya choo, fanya hesabu kwa kilomita 75 kwa saa. Halafu kuna sheria ya Umoja wa Ulaya inayombana dereva: aendeshe saa 9 kwa siku, au 10 lakini mara mbili tu kwa wiki, kila baada ya saa nne na nusu za usukani apumzike dakika 45, na kati ya siku moja na nyingine apate saa 11 za mapumziko, zinazoweza kupunguzwa hadi 9 kwa siku chache tu. Chombo ndani ya basi kinarekodi kila dakika, kwa hiyo hakuna cha kubembeleza. Sasa tazama siku ya Prague kwenda Amsterdam: kilomita 880 ni karibu saa 12 za usukani. Dereva mmoja hawezi kisheria. Ama wakala ana madereva wawili na gharama hiyo hajawaonyesha, ama safari yenyewe hajawahi kuipima. Muulize tu, "Siku ya Prague madereva ni wangapi?" Akibabaika, mmeshajua.

Sheria hiyo hiyo huharibu ratiba za jioni pia. Mkirudi hotelini saa nne na nusu usiku kutoka kwenye tamasha, basi halitaondoka saa moja asubuhi, hata kama karatasi inasema hivyo.

Na Neuschwanstein? Kasri lile lilianza kujengwa mwaka 1869 kwa amri ya mfalme Ludwig II wa Bavaria, naye akafa mwaka 1886 kabla halijakamilika. Ndani mtakaa kama dakika 35, na picha haziruhusiwi. Kutoka kijijini chini ni kilomita moja na nusu za kupanda. Tiketi ina saa yake. Mkichelewa kundi lenu linapita bila ninyi. Ile picha ya kwenye kalenda hupigwa ukiwa nje, juu ya daraja la Marienbrücke. Ni pazuri, hatubishi, ila kulifuata kwa kilomita 420 mkitokea Eisenach ni kununua dakika 35 kwa siku nzima.

Kwa watu wa usharika, tungekaa upande mmoja wa nchi. Ingieni kwa Berlin, mtokee Frankfurt. Mashirika kadhaa yanayotua KIA huuza tiketi ya namna hiyo. Laleni Berlin usiku mbili, Leipzig tatu, Erfurt mbili. Wittenberg mnaipitia siku ya kutoka Berlin kwenda Leipzig: kilomita 110 asubuhi, 70 jioni, na katikati mna saa tano za kutembea mji ambao mtaa wake mkuu, kutoka nyumba ya Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, hadi Kanisa la Kasri, ni kilomita moja na nusu tu ya tambarare. Wengi hufika kwenye mlango wa kanisa hilo wakitafuta mbao na matundu ya misumari ambayo Luther husimuliwa kupigilia hoja zake 95 mwaka 1517. Mlango wa mbao uliungua mwaka 1760 vitani. Uliopo ni wa shaba nyeusi, wa mwaka 1858, na hoja zote 95 zimechongwa juu yake kwa Kilatini, safu kwa safu. Hata anayejua Kilatini hupata shida, maana mistari ya juu iko mbali na macho. Ndani yamo makaburi ya Luther na mwenzake Melanchthon.

Leipzig muwe Ijumaa au Jumamosi. Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambalo mtunzi Bach aliliongozea muziki kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750 na ambamo masalia yake yamelazwa sasa, huwa na ibada ya nyimbo Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri, nje ya likizo za shule. Viti havina namba. Fikeni mapema mkae pamoja. Mkitaka kuimba wenyewe kanisani popote, barua itangulie miezi kadhaa, ikitaja idadi ya waimbaji, dakika mnazohitaji, na kama mnakuja na ngoma.

Erfurt hamna haja ya basi kabisa. Daraja la wafanyabiashara, Krämerbrücke, lilijengwa kwa mawe mwaka 1325 na juu yake zimepangana nyumba ambazo watu bado wanaishi. Ukiwa katikati hutambui kama uko juu ya mto mpaka ushuke pembeni utazame matao kutoka chini. Siku ya Wartburg ni kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, kupitia mashamba na misitu ya Thuringia. Safari nzima, na Potsdam, mji ulio kando ya Berlin, ndani yake, haifiki kilomita 850.

Kabla ya kusaini, mkataba ueleze kwa maandishi: viingilio vya ndani au "kupita nje" tu? Chakula cha mchana ni juu ya nani? Kodi ya mji inayolipwa hotelini imo? Hoteli iko mjini au kando ya barabara kuu, kilomita 15 nje? Hilo la mwisho ndilo linalofanya bei ya wakala mmoja iwe chini sana kuliko ya mwenzake.

Baba yangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua, lakini Wartburg ndiyo ndoto yake. Nimwache nyumbani?
*Binti yake, Machame*

Usimwache, dada. Ila mwambie ukweli wa eneo, aamue mwenyewe.

Ngome iko juu ya kilima kilichochongoka. Mabasi makubwa huishia kwenye maegesho ya chini. Kuanzia hapo ni mwinuko mkali. Kijana anaumaliza kwa dakika 10 hadi 15, mzee mpe nusu saa. Kuna basi dogo la kupandisha watu. Ulizia ratiba yake mkiwa bado Eisenach, maana halifanyi kazi nyakati zote za mwaka. Mwinuko wa kwenda si tatizo kubwa kwa goti. Tatizo ni kushuka, tena kwenye mawe yaliyolainika, hasa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo akibahatika kupata basi mara moja tu, apande kwa miguu taratibu na lile basi alitumie kushuka.

Ua wa ngome unaingilika bila tiketi, na mandhari ya msitu unaipata humo humo. Jumba la kale, Palas, ambalo ni la karne ya 12, huonwa na kundi linaloongozwa, na lina ngazi nyingi zisizo na pa kukaa. Kundi lina mwendo wake, nyuma yake kuna jingine. Kama mzee anaogopa kuwachelewesha, anaweza kuacha Palas na kujiwekea nguvu kwa ajili ya chumba cha Luther, ambacho ndicho alichokifuata. Luther alikaa humo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, kwa jina la kujificha, na ndani ya majuma 11 hivi akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Ni chumba kidogo: kuta za mbao, meza, jiko la kupashia joto, na sakafuni pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi iliyotumika kama kiti cha kuwekea miguu. Doa la wino, lile la hadithi ya Luther kumrushia shetani kidau, asilitafute. Wageni wa zamani walilikwangua ukutani vipande vipande wakaondoka nalo.

Maandalizi: miezi miwili kabla, atembee dakika 40 mara nne kwa juma, na angalau mara mbili iwe njia ya kuteremka. Machame hamkosi mteremko. Viatu vya ngozi vya Jumapili vibaki kwenye begi; avae vya soli ya mpira iliyokwishazoea mguu wake. Fimbo iwe na kofia ya mpira kwenye ncha. Na mahali pa kuruka bila majuto: mnara wa Kanisa la Kasri Wittenberg, ngazi 289.

Mimi ni mkulima wa kahawa, sina hati ya mshahara. Nasikia wasio na ajira hunyimwa viza. Je, nijaribu?
*Mkulima, Old Moshi*

Jaribu, mradi karatasi zako zieleze maisha yako yalivyo. Mnachoomba ni viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Ombi hupokelewa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufika 45, kwa hiyo kundi la watu 20 lianze miezi mitatu au minne mapema. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na hairudi ukinyimwa. Alama za vidole unatoa mwenyewe, Dar es Salaam; nauli na malazi ya safari hiyo viingizeni kwenye bajeti ya kikoba tangu mwanzo.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na imalizike angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ihusishe nchi zote za Schengen na gharama za kumrudisha mgonjwa au marehemu nyumbani. Tarehe za bima zifunike mpaka siku ya kuondoka. Pungufu ya siku moja huleta shida.

Badala ya hati ya mshahara, weka malipo ya chama chako cha msingi kwa misimu iliyopita, hati ya shamba au barua ya serikali ya kijiji, leseni kama una duka, na taarifa ya benki. Hapa ndipo wakulima wengi hujikwaa: akaunti ni kavu miezi yote, halafu wiki moja kabla ya ombi zinaingia milioni nane kwa mkupuo. Anayesoma anajua hizo ni za kuazima. Kama ni fedha za kikoba, ambatisha barua ya kikoba na daftari lake, ieleweke zimetoka wapi. Kama usharika rafiki wa Ujerumani ndio unaolipa, mwenyeji wenu aandike hati rasmi ya kubeba gharama kwenye ofisi ya wageni ya mji wake; barua ya upendo yenye muhuri wa kanisa haitoshi peke yake.

Kosa jingine ni majina. Pasipoti inasema hivi, cheti cha kuzaliwa vile, kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Sawazisha kabla. Na tiketi ya ndege usiilipe yote kabla ya viza. Wakala atoe uthibitisho wa nafasi iliyoshikiliwa.

Wazee wetu wengi hawajui Kiingereza. Tukimchukua mwalimu mmoja atafsiri, inatosha?
*Mwalimu, Majengo, Moshi*

Inatosha, lakini saa zinakatwa nusu. Maelezo ya dakika 60 yakitafsiriwa papo kwa papo yanabaki ya dakika 30, na ndani ya ngome hakuna kusimamisha kundi. Mwombeni mwongozaji atume maelezo yake wiki mbili kabla. Mwalimu ayasome, awasimulie wazee hotelini jioni ya jana yake kwa Kiswahili kilichonyooka, na mle ndani aseme machache tu: "Hiki ndicho kile chumba."

Jambo jingine ambalo mwalimu alisimamie mwenyewe ni saa. Tiketi ya Ujerumani huandikwa 14:30, nayo ni saa nane na nusu mchana. Mtu akiandikiwa "9:00" kwenye simu, nusu ya kundi itaelewa saa tatu asubuhi, nusu nyingine saa tisa alasiri. Kila tangazo litaje zote mbili. Na saa za ukutani wazirudishe nyuma: moja wakati wa kiangazi chao, mbili wakati wa baridi.

Sisi wa Kibosho ni Wakatoliki. Ziara hizi zote ni za Luther tu?
*Mama wa WAWATA*

Hapana, mama. Wartburg hiyo hiyo ni ngome ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Aliletwa Thuringia akiwa mtoto wa miaka minne, akawa mke wa mtawala wa hapo, na sifa yake ni kuwalisha maskini. Alifariki 1231 na kutangazwa mtakatifu 1235. Chumba kinachobeba jina lake kimefunikwa vigae vidogo vya kioo vya rangi na dhahabu kuta mpaka dari. Ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 20, si ya enzi zake, ila usiwe na haraka humo. Erfurt nako kuna kanisa kuu la Kikatoliki, ngazi 70 kutoka uwanjani, lenye kengele ya Gloriosa iliyotengenezwa mwaka 1497, tani 11 na zaidi. Haigongwi kila Jumapili, ni kwa sikukuu maalumu.

Mimi huongoza wageni mlimani. Huko kwao kuna chochote cha kwetu?
*Mwongoza watalii, Moshi mjini*

Kipo, na njia ile ile ya Berlin na Leipzig inakipitia. Hans Meyer, aliyefika kileleni Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mchapishaji wa vitabu wa Leipzig. Misioni iliyokuja kushika kazi ya Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893 ni ya mji huo huo. Jiwe alilolichukua Meyer kileleni alilipasua, nusu akampa Kaiser, mfalme wa Ujerumani, nalo likawekwa ukutani katika ukumbi wa makombe ya baharini na madini wa kasri la Neues Palais, Potsdam.

Potsdam ina mtego wa siku. Sanssouci, kasri dogo la mfalme Friedrich II, hufungwa Jumatatu. Neues Palais hufungwa Jumanne. Nenda Jumatano hadi Jumapili. Kati ya moja na jingine ni kama kilomita mbili za bustani, kwa miguu. Karibu na Sanssouci ni kaburi la mfalme huyo, bamba la jiwe lililo chini kabisa ardhini, na juu yake wageni huweka viazi, kwa kuwa ndiye aliyewahimiza wakulima wake kuvipanda. Mgeni wa kutoka Kilimanjaro hucheka, kisha naye hutafuta kiazi.

Kuhusu Mangi Meli, mtawala wa Kichagga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na mafuvu yaliyopelekwa Ujerumani: mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin viliunganisha baadhi yake na familia za Kilimanjaro. Hayo si maonyesho ya watalii. Anayefuatilia kwa niaba ya ukoo aandike rasmi kwa taasisi husika miezi kabla, asimsumbue mwongozaji wa basi.

Tubebe chakula gani? Mama mkwe anataka kupeleka nyama iliyokaushwa na parachichi.
*Mkaza mwana, Sakina, Arusha*

Mwambie mama kwa heshima kwamba vyote viwili vitaishia kwenye pipa la forodha. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii kwenye begi la abiria, hata kidogo, hata vikiwa vimefungwa vizuri. Matunda mabichi hudai cheti cha afya ya mimea, parachichi na embe yakiwemo. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Kwa hiyo mkungu mdogo wa ndizi unapita, jambo linalowashangaza hata watu wa huku. Kahawa iliyokaangwa na kufungwa ni zawadi nzuri zaidi, nyepesi na haivunjiki; zawadi zote za abiria mmoja wa ndege zisizidi thamani ya yuro 430.

Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo maji na matunda yanunuliwe Jumamosi, ingawa maji ya bomba hunyweka bila kuchemsha. Kila mtu awe na sarafu za senti 50 na yuro moja mfukoni, vyoo vingi vya njiani ni vya kulipia. Birika ya umeme hotelini si ya kuitegemea. Mama akitaka chai yake ya asubuhi abebe kikombe cha kuchemshia cha voti 230, pamoja na adapta ya pini mbili za mviringo. Plagi yetu ya pini tatu za bapa haiingii kule.